Pipa Juu ya Alama ya Saba

Kolwezi, 4 Februari 2024

Kwa Babu Twahiru, mume wangu wa Musumba,

Assalaam alaykum. Nakusalimia kwa niaba ya nyumba nzima, wakubwa na wadogo, pamoja na yule paka uliyetuachia, ambaye mpaka leo anaiba samaki mchana kweupe. Sisi wazima. Mama anaumwa magoti mvua ikikaribia, kwa hiyo yeye ndiye anayetuambia lini tuanue nguo. Dada yangu Nuru ameposwa! Harusi ni Jumamosi tarehe 20 Julai, barabara zikishakauka. Bwana harusi ni wa Tenke, anafanya kazi kwenye reli, mpole mpaka tunamwonea huruma, maana Nuru unamjua.

Naandika Kiswahili cha kalamu kama ulivyotufundisha, kwa sababu barua yangu ya mwaka jana, niliyoandika vile tunavyoongea mtaani, uliirudisha imejaa wino mwekundu. Na naandika kwa mkono kwa sababu simu haikufai tena. Mara ya mwisho Nuru alikuuliza habari ya afya yako, ukamjibu dakika kumi habari ya mihogo.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tulihamishwa kutoka Musonoi mwezi wa kumi na moja, shimo la mgodi lilipofika nyuma ya choo chetu. Vyombo vyote vilipanda kamyo la Shafii, lori hilihili linalokuletea barua. Lakini disiki ya Bibi, ile santuri ya Orkestra Malakita mliyorekodi mwaka wa 1973, wewe ukiimba, Bibi hakukubali ipakiwe. Aliibeba mwenyewe mapajani. Kamyo likaingia kwenye shimo la barabara, na disiki ikavunjika vipande vinne mikononi mwake.

Hakulia. Afadhali angelia. Unakumbuka kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anaipiga mara moja, anasikiliza, anaifuta, anairudisha kwenye karatasi yake. Sasa Ijumaa anakaa tu kwenye kiti kilekile na mikono mitupu. Na ameacha kuimbaimba akitwanga majani ya sombe. Babu, wewe ni kaka yake, unaijua nyumba ile. Bila mlio wake haina tofauti na ofisi. Nuru anasema harusi ikikuta Bibi yuko hivyo, itakuwa matanga yenye pilau.

Nimeamua kuurudisha wimbo. Nina studio yangu ndani ya kontena, kwaya zote za mtaa zinarekodi kwangu, na wachimba shaba wanaoghani pia. Nitaurekodi upya wimbo wa «Rudi Kabla ya Mvua», usikike vilevile kama kwenye disiki, Bibi aupate kabla ya harusi. Disiki nyingine nimeitafuta, hakuna. Nina sekunde arobaini tu, kwenye video aliyoipiga Nuru siku ya Idi, na ndani yake watoto wanagombania mguu wa kuku.

Niambie mlirekodi vipi. Usifiche kitu.

Mkeo mdogo,
Bilkisi

Musumba, 27 Februari 2024

Mke wangu Bilkisi,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika na matope yake. Shafii amelala siku sita kando ya mto akingoja maji yapungue, na alivyo mnene sasa, nadhani alikula nusu ya mzigo. Mke mwenzako Tshibola anakusalimia sana. Anasema ukitaka kuja kunichukua uje na gunia la chumvi, atanitoa bila ugomvi. Mihogo imekubali. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia liko njiani kulifuata. Vingine vyote vinafanya kazi.

Mpongeze Nuru. Mwambie yule kijana wa reli awe anatoka nje akisikia sahani zinaanza kulia.

Habari ya disiki nimeisoma mara tatu. Sitaki kuiongelea.

Umeuliza tulirekodi vipi. Basi, sikiliza na ucheke. Hapakuwa na studio. Palikuwa na Mgiriki, Dimitri, aliyeuza samaki mkavu, unga na chumvi, na akapenda muziki kuliko samaki. Alikuwa na mashine moja ya utepe na mikro moja ya kunasa sauti. Moja, Bilkisi! Tulirekodi ndani ya depo lake, kati ya magunia. Tukikosea tunaanza mwanzo, watu wote, kwa sababu hakuna cha kukata wala kuunga. Mpiga tumba wetu alipiga chafya mwishoni mwa mara ya tisa, na nusura tumzike palepale.

Hayo ndiyo yote. Sasa nisikilize mimi mzee wako: acha. Ulikuwa wimbo wa vijana wajinga wenye suruali pana. Mnunulie Bibi yako kitenge kizuri cha harusi, kile cha rangi ya majani anachokipenda. Atachangamka.

Mumeo,
Twahiru

Kolwezi, 9 Machi 2024

Babu,

Salamu zetu ziko palepale, tele. Tumeshapata unga na tende za mfungo, Mama magoti yamepoa, na Nuru amegombana na mshonaji wa tatu. Chumvi ya mke mwenzangu nitaileta, lakini gunia zima kwa mzee asiyesikia naona ni bei kubwa. Anipunguzie.

Kitenge! Babu, kweli? Nimenunua kitenge. Cha rangi ya majani, kama ulivyosema. Bibi amekikunja vizuri, akasema aksanti mwanangu, akakiweka sandukuni, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Wakati nangoja barua yako sikukaa bure. Nilichukua watu wazuri. Benoît, ambaye gitaa lake linasikika katika nusu ya nyimbo za Kolwezi. Ruffin wa trompeti, ambaye asubuhi anachimba shimoni na mchana ananijia na vumbi jekundu masikioni. Kaka yangu Abibu akaimba sehemu yako. Nikawarekodi mmoja mmoja, kila mtu na mikro yake, kila mtu safi. Halafu kwenye kompyuta nikaongeza kila kitu cha zamani kinachouzwa: mkwaruzo wa sindano, joto la utepe, mwangwi wa ukumbi. Wiki tatu, Babu. Nilijiona mjanja.

Nikampigia Bibi wimbo huo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, heshima tupu. Kisha akasema, «Ni safi.» Akaniuliza kama nimepiga deki studio. Akaenda kumenya karanga.

Nililia jikoni kama mtoto, na moshi nikausingizia.

Najua sasa kosa ni nini. Watu wangu hawakuwa pamoja. Kila mmoja aliimba na kupiga peke yake kama mgonjwa wa kutengwa, na kompyuta haiwezi kuwapa chumba walichokuwa hawamo. Kwa hiyo nakuomba tena, na mara hii napiga magoti: nani alisimama wapi? Umbali gani na mikro? Mfungo unaanza, ngoma zinanyamaza kwangu mpaka Idi. Una mwezi mzima wa kukumbuka.

Bilkisi

Musumba, 21 Aprili 2024

Mke wangu mbishi,

Idi njema iliyochelewa. Daraja lilikwenda na maji, Shafii akabaki ng'ambo ile akitupungia mkono wiki mbili. Nimefunga siku zote thelathini, namshukuru Mungu, na siku ya Idi Tshibola alitupikia mbuzi ingawa yeye kwao ni wa misa ya Jumapili. Alikula kuliko sisi.

«Umepiga deki studio?» Nimecheka mpaka majirani wakaja kutazama. Huyo ndiye dada yangu Aicha hasa.

Sawa. Umepiga magoti, na mimi siyo jiwe. Chukua karatasi uchore.

Dimitri alichora alama za chaki kwenye sakafu ya saruji. Mikro ilining'inia katikati kwenye kamba ya samaki, usawa wa kidevu changu. Sauti haikupandishwa kwa mashine, ilipandishwa kwa miguu. Ukisikika mno, unarudi nyuma. Husikiki, unakuja mbele. Alama ya kwanza, gitaa la kuongoza, hatua tatu. Ya pili, gitaa la kufuatisha, hatua nne na nusu, ameketi. Ya tatu, besi, pembeni ya mlango. Ya nne, tumba, mbali kabisa ukutani, na chini yake magunia mawili ya unga. Ya tano ni trompeti, na sikia vizuri: alisimama kwenye kona ametupa mgongo, uso ukutani, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Ukimgeuza atameza wote. Ya sita ni mimi, hatua mbili.

Kuta zote zifunike kwa magunia ya unga, yamejaa, siyo nusu. Isipokuwa upande wa kaskazini, hapo palikuwa na chumvi.

Kulikuwa na alama ya saba, nyuma ya magunia ya chumvi, hatua tano kutoka mikro. Hapo palikuwa na pipa la maji. Weka pipa. Usiniulize pipa la nini.

Twahiru

Kolwezi, 5 Mei 2024

Babu mpendwa, Babu mtamu, Babu wa dhahabu,

Wote wazima, wote wanakusalimu, nitakuandikia habari zao siku nyingine, nina haraka ya furaha!

Mama Angèle wa mashine ya kusaga ametuazima depo lake la unga. Tumepanga magunia mpaka dari. Nimechora alama kwa chaki, nikapima hatua kwa miguu ya Abibu kwa sababu ni mrefu kama wewe ulivyokuwa. Nimetundika mikro moja, na kompyuta nimeifanya mashine ya utepe tu: inasikiliza, haigusi kitu. Ruffin nikampeleka konani. Alinuna! Alisema, «Mama mukubwa, mi natoka mu shimo, unanirudisha tena kwa ukuta?» Lakini alipopuliza huko, Babu, sauti ilizunguka magunia, ikalainika, ikatufikia sote kwa pamoja. Tukaacha kupiga tukatazamana. Benoît, ambaye hasifu mtu, alivua kofia.

Nimejifunza katika siku moja kuliko katika miaka minne ya kontena langu. Nikitaka gitaa lishuke, nasema tu, Benoît rudi nusu hatua. Anarudi, linashuka. Nacheka peke yangu.

Lakini bado, Babu. Kuna kitu kimepungua. Pipa nimeliweka kwenye alama ya saba. Nimelijaribu limejaa, nimelijaribu nusu, nimelijaribu tupu na mfuniko na bila mfuniko. Halifanyi lolote, ila Ruffin ananawia uso humo.

Basi nikarudi kwenye zile sekunde arobaini. Nina programu inayotenganisha sauti, nikatoa watoto, nikatoa sahani, nikatoa kuku. Ikabaki sauti yako. Kompyuta inachora sauti kwa mstari, na palipotakiwa kuwa na mstari mmoja pana miwili. Wa kwanza ni wako. Wa pili uko juu kidogo, na kila neno unachelewa kwa pumzi moja. Sikuamini, nikarudia mara tano. Kompyuta inasema wanaimba watu wawili.

Babu, nani alikuwa pale na wewe?

Bado na hili. Bibi aliniona unga kichwani, akauliza ninatoka wapi. Nikamwambia tunapiga muziki ndani ya depo. Akasimama na mchi mkononi. Akauliza, «Muko bangapi?» Nikasema sita. Akasema, «Sita.» Akaendelea kutwanga. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Bilkisi

Musumba, 23 Mei 2024

Bilkisi,

Salamu. Tuko wazima.

Kompyuta haikuwepo. Mimi nilikuwepo. Nimekwambia pipa, ni pipa. Mtu akikuuliza, Dimitri alikuwa na ufundi wake wa kuirudisha sauti kwenye utepe, mambo ya Wagiriki, na yeye amekufa zamani, huwezi kumwuliza.

Usiniandikie tena habari ya mistari miwili. Kuna jambo ambalo mtu akishaapa, hata mjukuu wake ampendaye hawezi kumwondolea. Naomba tuishie hapo.

Sasa ufundi. Nilisahau kipande kimoja, na bila hicho wimbo hautakaa sawa, nakuhakikishia. Wanamuziki wetu hawakurekodi na njaa. Siku mtakayorekodi kwa kweli, chakula kiwepo: ugali wa bukari, sombe ya karanga na samaki mkavu. Kiletwe na Bibi yako. Akibebe yeye mwenyewe, aingie nacho mpaka ndani ya depo, asipokelewe mlangoni na asitumwe mwingine. Na alama za chaki uzichore upya asubuhi ile, nyeupe, zionekane zote saba.

Usimwambie lolote. Mwambie tu mna njaa.

Unasema aliuliza «muko bangapi» na ukamjibu sita. Alisema «sita» kwa sauti gani? Alicheka? Niandikie kila kitu alichosema na alivyokisema, usinipunguzie hata neno.

Twahiru

Kolwezi, 9 Juni 2024

Babu Twahiru, mwongo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Keti kabla hujasoma. Umeketi? Mwite na Tshibola.

Jana tulirekodi. Nilifanya kama ulivyosema. Nilichora alama upya, nikamwambia Bibi wanamuziki wana njaa na mimi siwezi kuacha mashine. Alisema wanamuziki wana njaa siku zote, hiyo siyo habari. Lakini saa saba alikuja. Amevaa kile kitenge cha rangi ya majani, Babu! Sufuria ya bukari kichwani, sombe mkononi, mlangoni Ruffin akataka kumpokea, akampita.

Akaingia. Akatazama magunia. Akatazama mikro kwenye kamba. Halafu akatazama chini, na nikaona macho yake yanahesabu sakafu, alama hadi alama, moja, mbili, tatu, mpaka kaskazini, kwenye chumvi. Akatua sufuria. Akashika kiuno. Akasema kwa sauti ya kugomba, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Musonoi:

«Nani aliweka pipa pa fasi yangu?»

Ruffin, maskini, ndiye aliyekuwa karibu: «Mama, ni babu ya Musumba njo alisema tuiweke pale.»

«Yaya? Kaka yangu ni muongo toka zamani. Mutoshe, muipeleke inje.»

Babu, wanaume watatu waliliviringisha pipa lile mpaka nje na maji yakawamwagikia, na hakuna aliyecheka. Bibi akavua kandambili zake, akaziweka kando, akasema Mgiriki hakupenda mlio wa viatu. Akasimama juu ya alama ya saba. Akajifunika mtandio vizuri. Kisha akamtazama Abibu: «Wewe, rudia nyuma kidogo. Yaya hakusimamaka karibu vile, alikuwa na kinywa kikubwa.» Abibu akarudi nusu hatua. «Basi. Mupige.»

Tukapiga. Abibu akaanza, na pumzi moja nyuma yake, juu kidogo, Bibi akaingia.

Nifanyeje nikueleze? Sauti siyo ile ya sekunde arobaini. Ina miaka hamsini zaidi, ina moshi, mahali pamoja ilikatika ikaungana tena. Lakini alichelewa vilevile, Babu, neno kwa neno, kama alikuwa hajatoka pale kamwe. Mistari miwili ilikuwa inapanda kwenye kompyuta mbele yangu, na mimi nilikuwa siioni kwa machozi. Ruffin aliposikia, aligeuka kutazama, trompeti yake ikatumeza wote, ikaharibu kila kitu. Bibi akainua mkono: «Weye wa trompeti, angalia ukuta!»

Tukaanza upya. Mara ya pili haikuwa na kosa. Mama Angèle na wateja wake walikuwa wamejaa mlangoni na mabeseni yao ya unga, na tulipomaliza walipiga vigelegele mpaka vumbi likadondoka darini. Vigelegele vimebaki kwenye rekodi. Siviondoi.

Tulikula. Nilikaa karibu yake, nikamwambia, Bibi, sisi tulidhani ulikuwa unamsikiliza Babu Twahiru kila Ijumaa. Akacheka, sombe ikampalia. «Yaya? Yaya namusikia toka utoto, namuchoka. Nilikuwa najisikiliza mi mwenyewe.» Halafu akafuta vidole. Akasema disiki ilipovunjika, alibaki bila mtu wa kumshuhudia kwamba aliwahi kuwa yule msichana.

Babu, tulimnunulia kitenge. Wimbo mzima nyumbani kwetu ulikuwa wake na sisi tukamnunulia kitenge.

Nilimwuliza kama marehemu mumewe alijua. Akasema alijua bila kuambiwa. Siku alipokuja kuposa, Bibi alisema «karibu» nyuma ya pazia, neno hilohilo moja, na yule kijana akaanza kutabasamu peke yake mbele ya wazee. Disiki alikuwa nayo nyumbani kwake. Ile iliyovunjika, Babu, ndiyo hiyo. Alimletea usiku wa harusi, wala hakusema kitu.

Ninakutumia wimbo na kikuza sauti kidogo kupitia Shafii. Najua masikio yako. Jaribu tu.

Na sasa andika. Bibi mwenyewe ameshasema, kiapo kimekwisha. Andika!

Mkeo,
Bilkisi

Musumba, 29 Juni 2024

Mke wangu Bilkisi, na wewe dada yangu Aicha, maana najua unasomewa,

Salamu nyingi hazitoshi, kwa hiyo nazifupisha. Barabara imekauka, Shafii amefika kwa siku tatu. Barua nimeisoma nimesimama, kwa sababu nilipofika kwenye pipa sikuweza kukaa.

Basi nitasema. Baba yetu alikuwa mtu wa malori na msikiti. Mimi kupiga muziki alinivumilia kama mtu anavyovumilia jino bovu. Binti yake kusimama na vijana wa orkestra, angetufukuza wote wawili, na mji mzima ungemsaidia kufunga mlango. Aicha alikuwa analeta chakula. Siku ya tatu nilikuwa naimba chini ya noti, hasira zimenipanda, na nyuma ya chumvi mtu akaimba mahali penyewe, taratibu, anisahihishe. Dimitri alichukua chaki, akazunguka magunia, akachora. Akarudi akawasha mashine.

Usiku ule Aicha aliniapisha: hutasema, Yaya, mpaka nitakaposema mimi. Baba akafa, sikusema. Dimitri akafa, mumewe akafa, wenzangu wa orkestra wamekwisha wote, sikusema. Yeye naye hakusema. Nadhani alingoja nimwulize, na mimi nilingoja aseme. Hivyo ndivyo wajinga wawili wanavyoweza kumaliza miaka hamsini.

Wajukuu mnajiuliza kwa nini nilihamia huku mwisho wa barabara. Nilisema ni biashara ya mihogo. Kila harusi ya Kolwezi watu waliniita mbele: Twahiru, ule wimbo! Nikiimba peke yangu, wanapiga makofi, na wazee wanaulizana mbona leo sauti yake nyembamba. Nikasema koo linaniuma. Halafu likaniuma kila Jumamosi. Halafu nikapanda kamyo. Nilipokea sifa za watu wawili na sikuwa na mahali pa kuziweka. Aicha, nisamehe.

Sasa habari ya wimbo. Tumekaa uani, mimi na Tshibola na majirani wote. Tshibola akawasha. Sikusikia kitu, Bilkisi. Sikudanganyi. Nikaweka kiganja juu ya kile kikuza sauti, nikapata besi. Nikapata tumba. Nikahesabu. Mimi wimbo ule naujua kwa vidole, najua mahali nilipovuta pumzi. Ikafika zamu yangu, nikafumba macho, nikaimba. Na pumzi moja baadaye nilifumbua macho, nikamtazama Tshibola, nikaona anainua kichwa, anatazama upande, kama mtu amesikia mwingine anaingia mlangoni. Nikajua umeingia, dada yangu. Nikaendelea mpaka mwisho. Tshibola anasema sikupotea hata mara moja, na yeye hajui kusema uwongo, hajaishi na sisi vya kutosha.

Nitakuja harusini. Nimemwambia Shafii anitengee kiti cha mbele, mihogo ikae nyuma. Tshibola anakuja pia, ameshasuka nywele, chumvi atachagua mwenyewe. Sitasikia neno la mtu, kwa hiyo nisalimieni kwa kunishika mkono.

Benoît na Ruffin wawepo. Depo msilipange upya, harusi ije kwetu au tuipeleke kwenye unga, shauri la Nuru. Chora alama, Bilkisi, zote saba, kwa chaki nyeupe, niweze kuziona kwa sababu masikio hayatanionyesha. Aicha atasimama mahali pake na mimi nitamtazama kinywa.

Na mwambieni Abibu ahame mapema. Alama ya sita ni yangu. Nisije nikakuta mmeweka pipa.

Twahiru